Laptopu inachemka mpaka inajizima na kazi ni kuchapa barua tu, naombeni msaada (Tanga)

BintiUsambara

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naombeni msaada mana hili jambo linaninyima usingizi na ndo kazi inayonilisha. Nna laptopu yuzidi niliyonunua 2022, prosesa (ubongo wa kompyuta) i5 ya kizazi cha 6, RAM 8, SSD 256, nilikuwa naitumia Lushoto miaka yote hiyo bila shida, unawasha asubuhi unazima jioni hata feni huisikii. Januari nikashuka Tanga kumsaidia shangazi kwenye stesheni yake, duka la kuchapa na kuskani, huku Makorora, kazi zenyewe za kawaida tu, kuchapa barua, CV, kuskani vyeti, kuwajazia watu fomu za ajira mtandaoni. Sichezi gemu wala sihariri video.

Sasa tangu mwishoni mwa Januari inachemka vibaya sana, yani upande wa kushoto juu ya kibodi huwezi kulaza kiganja, feni inalia muda wote kama mashine ya kusaga alafu inakuwa nzito, unaandika herufi leo inatokea kesho. Jana ndo imenitoa machozi, kaja kaka mmoja namchapia CV ya kurasa tatu anawahi basi la saa nane mchana, nimefika ukurasa wa tatu ikazima yenyewe, na kuiwasha haiwaki mpaka ilipopoa kama robo saa hivi. Kaka wa watu kaondoka mikono mitupu.

Nimeipeleka kwa fundi mmoja, kaishika tu kwa juu hata hajaifungua kaniambia mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, inakufa niandae laki mbili na themanini. Hela hiyo sina. Nataka kujua ni kweli mazabodi au ni hili joto la Tanga, na kuna kitu naweza kufanya mwenyewe kabla sijaingia gharama? Shangazi kanipa feni ya mezani naielekezea, inasaidia kidogo, ukiitoa inarudi palepale.

Kijana_Sahare

Pole dada. Ni joto tu hilo, umetoka Lushoto kwenye baridi umeshuka pwani wakati wa kaskazi. Nunua kulingi pedi zile zenye feni mbili unachomeka kwenye USB, yangu inanisaidia.

Fundi_Ngamiani

Marahaba binti na pole kwa huyo mteja. Mimi natengeneza kompyuta hapa Ngamiani miaka mingi, naomba usitoe hela yoyote kwanza, si ya mazabodi wala ya kulingi pedi. Mtu hawezi kujua mazabodi inakufa kwa kushika kava kwa mkono. Na kijana wa Sahare hajakosea kuhusu joto ila joto peke yake halifiki huko. Angalia, feni ya laptopu haitengenezi baridi, inachukua upepo wa chumbani inaupitisha kwenye mapezi ya shaba, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto nje, basi. Kwahiyo chumba kikiwa na nyuzi 21 kule Lushoto na hapa kikawa na nyuzi 31, prosesa nayo itapanda kama nyuzi 10 hizohizo, haizidi sana hapo. Kama kule ilikuwa inatembea kwenye 55 hapa ingekuwa 65 na wala usingejua. Mpaka izime yenyewe mana yake imegusa mia au karibu na mia, sasa hizo nyuzi nyingine zimetoka wapi? Ndo tunatakiwa tuzitafute.

Fanya hivi leo usiku kukiwa kumetulia. Pakua HWiNFO au Core Temp, programu za kupima joto la prosesa, zote za bure, na uzichukue kwenye tovuti zao wenyewe usichukue popote tu. Washa laptopu usifungue kitu chochote, iache dakika 10, alafu andika kwenye karatasi joto la prosesa. Hapohapo bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ifunguke Taski Menija uangalie prosesa inafanya kazi asilimia ngapi. Kisha fungua kazi zako za kila siku, Word, Chrome, skana, fanya kazi dakika 20 uandike tena namba zote mbili. Namba hizo ndo zitasema:

Kama imekaa bila kazi na prosesa iko asilimia 40, 50, basi kuna programu inakula kimyakimya na hilo ni tatizo la ndani ya Windows, hufungui hata skrubu. Kama prosesa iko asilimia 5 na joto liko juu, basi joto linatengenezwa kidogo ila halina pa kutokea. Na kama prosesa iko poa kabisa 50 na kitu ila kava lenyewe linaunguza pale unapolaza viganja, hapo tuanze kuongelea betri na chaja.

Alafu nijibu na haya, unaiweka juu ya nini unapofanya kazi? Imewahi kufunguliwa? Na jirani ya hiyo stesheni kuna nini?

MwalimuPongwe

Namuunga mkono fundi kwa hilo la kupima mana mimi nilikula hasara kwa kutopima. Mwaka juzi yangu ilichemka hivyohivyo, nikabadilisha feni, bado, nikanunua pedi, bado. Siku moja mwanafunzi wangu wa kidato cha nne ndo akafungua Taski Menija akaniuliza mwalimu hii brauza mbona inakula asilimia 60 na hujafungua ukurasa wowote? Kumbe kuna kiongezeo nilikiweka kwenye Chrome cha kushushia video na sikumbuki hata niliweka lini. Tukakifuta, tukapitisha antivairasi, feni ikanyamaza palepale, na feni mpya nilishalipia.

Dada hakikisha pia hiyo Windows haikuwekwa siku za karibuni, mana ikiwa mpya au ikiwa na apudeti nyingi zinashuka, siku moja mbili za mwanzo inafanya kazi sana peke yake kupanga mafaili na kukagua vairasi. Hiyo inaisha yenyewe. Ikipita wiki ipo vilevile, hapo kuna jambo.

BintiUsambara

Shikamoo fundi, shikamoo mwalimu, ahsanteni sana, nimefanya kama mlivyoelekeza. Chumba kilikuwa nyuzi 30, shangazi ana kile kipimajoto cha ukutani.

Bila kazi dakika 10: joto 71, prosesa asilimia 3 mpaka 6.
Word na Chrome kurasa sita dakika 20: joto 88 mpaka 93, prosesa asilimia 20 hivi, ikiruka inafika 35.
Nikafungua PDF za vyeti vilivyoskaniwa kama kumi hivi: ikafika 99 nikaogopa nikazima mwenyewe.

Naiweka kwenye meza ya stesheni, juu ina kile kitambaa cha kufuma cha shangazi na juu yake nailoni laini ya kuzuia vumbi. Imefunguliwa mara moja tu Lushoto, kijana aliniongezea RAM. Na jirani, mlango wa pili tu kuna mama anakaanga kachori na mihogo kuanzia asubuhi mpaka magharibi, na mbele ni barabara ya vumbi bajaji zinapita mchana kutwa. Sikujua kama hayo nayo yana uhusiano.

Fundi_Ngamiani

Yana uhusiano mkubwa binti, na umepima vizuri kuliko wateja wangu wengi. Asilimia 5 na joto 71 chumba cha nyuzi 30, hapo programu hazina kosa, joto limekosa njia.

Nikueleze hiyo ya kachori mana hapa Tanga naiona sana na watu hawaijui. Vumbi kavu peke yake feni inalipuliza, mengine yanabaki mengine yanatoka. Ila mvuke wa mafuta ya kukaangia ukiingia ndani unakuwa kama gundi, vumbi likija linanasa, na huku pwani hewa ina unyevu na chumvi basi ndo inashikana kabisa. Ukifungua unakuta kati ya feni na mapezi pametanda blanketi la kijivu, ukilivuta linatoka kipande kizima kama kitambaa. Feni inazunguka kwa nguvu zote ila upepo haupiti. Ndo mana inapiga kelele na haipozi. Mama wa kachori hana kosa, anatafuta riziki yake, ni nyinyi kuhama upande wa meza tu.

Na hicho kitambaa na nailoni vitoe leoleo usingoje kesho. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa chini, vile vimiguu vya raba vina kimo kidogo sana na kitambaa kinaziba hilo nafasi lote, nailoni ndo kabisa inanyonywa inajibandika kwenye matundu. Hii ndo sababu pia laptopu za watu wanaotumia kitandani juu ya godoro zinachemka. Chukua vifuniko viwili vya chupa ya soda weka chini ya pembe mbili za nyuma, hiyo ni kulingi pedi ya bure.

Sasa jaribio la pili, la mkono. Ikiwa kwenye 85 au 90 weka kiganja pale upepo unapotokea. Ukisikia upepo dhaifu lakini wa moto sana, ni mapezi yameziba. Ukisikia upepo mwingi lakini wa uvuguvugu wakati prosesa inasema 90, mana yake joto halifiki kwenye mapezi kabisa, limekwama juu ya prosesa, na hiyo ni pesti (ule uji unaopakwa juu ya prosesa kupitisha joto) imekauka au hitisinki (chuma kinachokaa juu yake kubeba joto hadi kwenye mapezi) haijakaa sawa. Nijibu.

Huku ukisubiri, ili wateja wasikukimbie, ingia kwenye mipangilio ya umeme ile ya zamani ya Kontroli Paneli, kwenye kiwango cha juu cha prosesa toa 100 weka 99. Ile moja tu inazuia prosesa yako kujiongeza kasi kupita kawaida yake, joto linashuka na kwa kazi ya Word hutaona tofauti. Ila ni ya kupumulia tu hiyo, usiache ikawa ndo dawa.

Baharia_Mikanjuni

Kuna jamaa yangu yeye ikichemka anaiweka kwenye friji dakika tano inapoa fasta, au anaweka pakti ya barafu chini yake imefungwa na taulo. Dada jaribu kama dharura.

Fundi_Ngamiani

Hapana ndugu yangu wa Mikanjuni, nakuomba sana hilo lisijaribiwe na yeyote anayesoma hapa. Toa chupa ya maji kwenye friji iweke mezani hapa Tanga, dakika mbili inatiririka jasho. Jasho lile ndo litakaa juu ya saketi ndani ya laptopu na utawasha umeme juu yake. Nimeletewa mbili za namna hiyo, moja haikupona. Ikichemka izime tu, ichomoe chaja, iache mahali penye upepo.

MwalimuPongwe

Naongezea moja la usalama, dada angalia na betri. Weka laptopu juu ya meza iliyonyooka uone kama inayumba, angalia ile sehemu ya kusogezea mshale kama imenyanyuka au inabonyea kwa shida. Ya mwenzangu shuleni ilianza hivyo, akadhani kava limelegea akawa analikaza skrubu, kumbe betri imevimba kwa joto. Ukiona imevimba usiendelee kuitumia wala kuchaji, na asije mtu akaitoboa eti kutoa gesi, betri za lithiamu zinawaka moto. Na usiitupe jalalani, mpe fundi.

Na chaja je, ni yake au ya kununua mtaani? Linganisha maandishi, volti lazima ziwe zilezile zilizoandikwa chini ya laptopu, na ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue.

BintiUsambara

Betri iko sawa mwalimu nimeipima juu ya kioo haiyumbi, na chaja ni yake, volti 19.5 kote kuwili.

Fundi nimetoa kitambaa na nailoni nikaweka vifuniko, joto bila kazi likashuka kutoka 71 hadi 64, nikashangaa kweli, kitambaa tu! Na ile 99 nimeweka, leo nimefanya kazi kutwa nzima haijazima hata mara moja japo ilifika 86. Jaribio la mkono: upepo ni dhaifu sana na unaunguza, nikiweka karatasi pale pa kutokea hata haitikisiki.

Swali langu, naweza kusafisha mwenyewe kwa kupuliza kwa nje na blowa ya saluni ya jirani?

Fundi_Ngamiani

Sawa, basi mapezi yameziba. Kwa nje na drai ya saluni usifanye kwa sababu tatu. Kwanza drai inatoa moto. Pili ukipuliza kutokea nje lile blanketi linarudi nyuma kwenye feni linaweza kuikwamisha kabisa, yako imeshashikana na mafuta haitoki kwa upepo. Tatu, feni ikipulizwa bila kushikwa inazunguka kasi kuliko ilivyotengenezwa, inaharibu beringi, na yenyewe inageuka jenereta ndogo inarudisha umeme kwenye bodi.

Inatakiwa ifunguliwe kava la chini. Kama huna uzoefu mpe fundi lakini kaa naye, mwambie afanye mbele yako: anazima kabisa, anachomoa chaja, anachomoa betri kwanza kabla ya kugusa kingine, anatoa feni, anavuta lile blanketi kwa brashi laini au kijiti, panga la feni anasafisha kwa kulishika na kijiti cha meno lisizunguke. Kwa umri wa mashine yako mwambie atoe na hitisinki abadilishe pesti, ya zamani ifutwe yote kwa alkoholi ya isopropili ile safi ya asilimia 90 kwenda juu mpaka prosesa ing'ae kama kioo, pesti mpya kidogo tu kama punje ya mchele au kunde, skrubu zikazwe kidogokidogo kwa kufuata namba zilizoandikwa pembeni yake, zisikazwe moja mpaka mwisho alafu ndo nyingine. Ukiona kuna vipande vya raba laini vya kijivu au bluu pembeni ya prosesa vibaki mahali pake visitupwe, unene wake umepimwa na pesti haiwezi kuziba hilo pengo.

Kijana_Sahare

Fundi samahani, nimesikia ukikosa pesti unaweza kupaka dawa ya meno, kuna ukweli? Pesti nzuri huku bei juu.

Fundi_Ngamiani

Kijana wangu, siku ya kwanza itafanya kazi na ndo mana watu wanadanganyika. Dawa ya meno inashusha joto kwa sababu ina maji, yale maji yakikauka, na kwa nyuzi 70 yanakauka ndani ya siku chache, inabaki ganda kama chokaa na joto linakuwa kubwa kuliko ulipoanzia. Bomba moja la pesti linatosha laptopu kadhaa, changieni watu watatu.

BintiUsambara

Nimerudi wadau baada ya siku nne, niliahidi kuleta majibu.

Nimempata fundi barabara ya 12, nikamsomea maelezo ya Fundi_Ngamiani neno kwa neno na wala hakukasirika, akaniambia kaa hapa uone. Alipotoa feni, wallahi nililia. Lile blanketi lilikuwepo kweli, nene kama sufi, linanukia mafuta ya kachori. Akalisafisha, akafunga, tukawasha tukapima: upepo ukawa mwingi, karatasi inapepea, bila kazi 58. Nikafurahi nikataka kulipa niondoke. Nikakumbuka lile jaribio la mkono, nikafungua Word na zile PDF nikaweka kiganja, upepo mwingi ila wa uvuguvugu tu na prosesa inasema 84. Nikamwambia fundi, hapa joto limekwama juu ya prosesa. Akaniangalia, akatabasamu, akafungua tena. Pesti ilikuwa imekauka inatoka vumbi jeupe ukikwangua, na upande mmoja wa prosesa hata haikugusa, skrubu moja ya hitisinki ilikuwa imelegea.

Kabadilisha pesti, kakaza kwa namba kama mlivyosema. Sasa hivi chumba nyuzi 31, bila kazi 46, Word na Chrome na PDF zote kumi 61 mpaka 66 na ile 99 nimesharudisha 100. Feni siisikii mpaka niinamishe sikio. Nimelipa elfu 35, usafi na pesti pamoja, badala ya laki mbili na themanini ya mazabodi ambayo haina ugonjwa wowote.

Meza tumeihamishia ukuta wa ndani mbali na mlango, na kitambaa cha shangazi tumekiweka kwenye printa, karidhika. Yule kaka wa CV nilikuwa na namba yake nikampigia, faili la kurasa mbili lilijihifadhi, nimemmalizia ya tatu nikamtumia bila kumchaji.

Mungu awabariki sana. Fundi nina swali moja la mwisho, pesti imebaki kwenye bomba kanipa niondoke nayo, naitunzaje? Na nirudi kusafisha baada ya muda gani?

Fundi_Ngamiani

Maashallah binti, hilo la kurudisha mkono pale upepo unapotokea baada ya kufunga, vijana wangu wenyewe nawasisitiza kila siku.

Bomba futa mdomo wake, funga mfuniko mpaka ubane, weka kwenye mfuko wa nailoni mahali pasipo na jua, mbali na jiko. Usafi kwa mazingira yenu fungua kila miezi sita, pesti usiiguse mpaka namba zianze kupanda. Andika hizo namba za leo kwa kalamu kwenye karatasi uibandike chini ya meza, na uandike chumba kilikuwa nyuzi ngapi, mana mwezi wa sita kusi ikivuma zitashuka zenyewe usije ukadhani imepona zaidi.

BintiUsambara

Nimeshabandika fundi. 46 na 66, chumba 31.